Lusia Mageni na Daraja Aliloliomba

Marehemu Lusia Mageni, Mama Loveness, alizaliwa Kharumwa tarehe 9 Aprili 1971, mtoto wa nne wa Mzee Mageni na Mama Limi. Alisoma hapo hapo hadi darasa la saba, mwaka 1986, kisha akarudi nyumbani kulima na kuchunga.

Mwaka 1991 alifunga ndoa na Bwana Donatus, akahamia huku ng'ambo ya mto. Akiita ng'ombe, walimsikia hadi bondeni. Mbele ya wakubwa alisema kwa sauti ya chini, kama alivyolelewa.

Mwaka 2022 tulimchagua awe mjumbe wetu kwenye kamati ya mradi wa barabara. Tulimtuma neno moja tu: daraja. Wakubwa wa mradi walikuwa mjini, wakisikiliza kwa mtandao, na ukumbini walifunga vipaza sauti vinavyojiwasha mtu akizungumza kwa nguvu na kujizima akinyamaza. Lusia aliinama, akawaamkia taratibu, akanyamaza kungoja waitikie. Kipaza hakikuwaka. Kule mjini wakasema, "Ng'ambo hawana hoja, tuendelee." Kikao kilichofuata, kikohozi cha jirani yake Enock kilifika mjini, ombi la Lusia halikufika. Inaudhi, na hatutaficha.

Loveness alimwambia, "Mama, si upige kelele kama unaita ng'ombe!"

"Kelele ni za ng'ombe, mwanangu. Mkubwa unamwamkia, unangoja aitikie."

Miaka miwili alikwenda na kurudi amenuna. "Kidude kile hakina adabu," alimwambia mumewe, na kikao kingine akaenda tena.

Februari 2025 alishikwa na homa ya mapafu. Tarehe 3 Machi alizidiwa, tukambeba kwa machela hadi mtoni. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika upande wa pili, tunaliona, lakini maji yalikuwa yamejaa. Alifariki hapo ukingoni, saa tano asubuhi, mkono wake mkononi mwa Donatus.

Ameacha mume, watoto watatu, Loveness, Amosi na Sikujua, na wajukuu wanne.

Jana wakubwa wa mradi walipiga simu ya rambirambi. "Poleni sana wafiwa. Mazishini hatutafika, mto umejaa." Donatus, mtu mpole asiyejibizana na mtu, aliishika simu kwa mikono miwili akapaza sauti kama anaita ng'ombe: "Daraja! Mke wangu alikuwa anaomba daraja!"

Safari hii kule mjini walisikia.

Mama Loveness, neno lako limefika. Pumzika kwa amani.