Weyzero Yeshimebet na Migongo ya Gondar

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi wa Sene wa kalenda yetu ya Ethiopia, bibi yetu, Weyzero Yeshimebet Tadele, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika idara yetu ya fiziotherapia hapa Gondar. Alikuja akiwa binti mwembamba mwenye sauti ya kuitia mbuzi kutoka mlima wa pili. Wembamba umekwenda zake. Sauti angali nayo.

Yeye ndiye aliyeanzisha ukaguzi wa migongo shuleni. Watoto waliinama, naye akaangalia kama ubavu mmoja umenyanyuka kuliko mwenzake. Wenye mpindo unaoendelea kukua walipelekwa Addis Ababa mapema kuvishwa mkanda wa kuushikilia mgongo. Wengi wao leo ni wazazi.

Lakini kisa tunachokipenda zaidi ni cha Mulunesh, mcheza eskista, ngoma yetu ya mabega. Aliumia mgongo kwa kubeba gunia la nafaka ya teff, akapigwa picha ya eksirei, ikaonekana uti umepinda kama mto. Mama yake akamkataza ngoma na kumlaza kitandani kutwa. Maumivu yakazidi. Walipofika kwetu, kikundi chake kilikuwa tayari kinatafuta mchezaji mwingine.

Yeshimebet aliilinganisha picha hiyo na ya zamani, aliyopigwa Mulunesh akiwa mwanafunzi, ambayo nyumbani walikwisha kuisahau. Mpindo ulikuwa uleule.

"Mama, huu anao tangu utotoni, na amecheza nao miaka yote," akasema. "Ipo mipindo inayouma. Huu umetulia. Kilichoumia ni misuli, na kitanda kimeidhoofisha."

"Kwa hiyo mgongo wake hautanyooka?"

"Hata wangu haujanyooka. Uutazame kutoka ubavuni: shingoni unaingia, mgongoni unatoka, kiunoni unaingia tena. Ungekuwa mti mkavu, tungeinamaje?"

"Na akiumia tena akicheza?"

"Uje unigombeze mimi. Mulunesh, inuka mwanangu. Umeshamaliza hata fungu la mapumziko la wajukuu zako."

Mazoezi yalikuwa na machozi, na siku nyingine matusi. Taratibu maumivu yakalegea. Sikukuu ya Timkat ilipofika, Mulunesh alirudi uwanjani, mabega yakiruka kama kuku aliyemwagiwa maji, na vigelegele vya kwanza vilikuwa vya mama yake. Yeshimebet alishindwa kukaa. Aliingia katikati ya wachezaji, akapoteza kiatu kimoja, wala hakurudi kukitafuta.

Weyzero Yeshimebet, asante kwa mikono yako na kwa ukali wako wenye huruma. Tunakuombea afya tele, kahawa isiyopoa na ngoma nyingi za kucheza.