Mama Maegesho na Makutano ya Hospitali

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, mtoto wa kwanza wa fundi mitambo na mshonaji. Alikuwa na miaka kumi na miwili mdogo wake wa kiume alipozaliwa. Mama yao aliporudi kazini, yeye ndiye aliyembeba mgongoni.

Alisoma shule ya msingi ya kiwandani, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1979 alihitimu stashahada ya uhasibu. Mwaka uliofuata aliajiriwa na halmashauri ya jiji kama karani wa mapato. Karo ya mdogo wake katika chuo cha ufundi ilitoka kwenye mshahara huo. Viatu vyake mwenyewe vilisubiri.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole aliyejivunia kuishi na mkaguzi wa kudumu. "Hapa hata peremende nanunua kwa risiti," alizoea kuwaambia wageni. Walijaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Alistaafu mwaka 2012, akachaguliwa kuwa diwani, na baadaye mwenyekiti wa kamati ya fedha. Hapo ndipo lilipomkuta suala la makutano ya hospitali, ambako wagonjwa walivuka kwa kukimbia, kwa anayeweza kukimbia. Ili kujenga hapo kivuko chenye taa, jiji lingeweza kungoja ruzuku ya serikali kuu, ambayo hakuna aliyejua ingekuja lini. Lingeweza kukopa na kulipa kwa kupandisha ada za maegesho. Au lingepokea mchango wa mwenye jengo la maduka, aliyekuwa tayari kugharamia kila kitu mradi kivuko cha waenda kwa miguu kihamie mbele ya geti lake, mbali na hospitali. Mkandarasi ambaye tajiri huyo alikuwa amemchagua ni mdogo wa marehemu, aliyekwisha kununua greda kwa mkopo akiitegemea kazi hiyo.

Marehemu alilieleza jambo hilo mbele ya kamati, akaomba atoke kikaoni. Wajumbe wakakataa.

"Kaa tu, Mwenyekiti," diwani mmoja alisema akicheka. "Tunapewa bure, na mdogo wako anapata riziki. Ugomvi uko wapi?"

"Bure ya nani?" aliuliza. "Mtu katoka wodini na magongo, azunguke mpaka kwa tajiri ndipo avuke?"

Mkopo ulipita kwa taabu. Madereva wakambandika jina la Mama Maegesho, naye akalicheka. Lililomuuma ni kwamba mdogo wake aliikosa kazi, greda ikauzwa, naye akaacha kupokea simu zake. Siku ya uzinduzi, mwaka 2016, alikuwa akiangaza macho kwenye umati mpaka hotuba zikaisha. Hakumwona.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Mumewe, ambaye macho hayakumruhusu tena kuendesha gari, alimpigia simu shemeji yake, yule mdogo wa marehemu. Asubuhi alifika, akachukua funguo bila salamu ndefu. Kwenye makutano yale taa ikawa nyekundu, na mzee mmoja mwenye magongo akaanza kuvuka taratibu.

"Taa yako inachelewesha watu, Dada."

"Una haraka ya wapi? Anayetibiwa ni mimi."

Mdogo wake akamtazama yule mzee mpaka akafika ng'ambo. "Si ungenieleza."

"Nilikueleza. Ulikuwa unapiga honi."

Walicheka mpaka magari ya nyuma yakapiga honi kweli. Tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki.

Siku zake za mwisho marehemu alimwambia mdogo wake kwamba kuhusu kivuko asingebadilisha kitu, ila ile greda ilikuwa imemkosesha usingizi.

"Ile ilikuwa chuma tu, Dada," alimjibu, akimvutia shuka. "Lala."

Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Mei 2024, mkono wake ukiwa mikononi mwa mumewe.

Ameacha mume, wajukuu watano na watoto wanne: mabinti wawili, mvulana mmoja, na mdogo wake, ambaye ameomba aandikwe hapa.

Mungu ampokee, na pumziko lake liwe tulivu.