Marehemu Jane Soipan Metito: Dada Aliyemwacha Kaka Yake Getini

Mnaomlilia leo mmekuja kwa mabasi matatu kutoka Kitengela, mkajaza hema zote nne, na wengine wamesimama juani nyuma ya kamera. Kaka yake, Koinet, ambaye ndiye ameandika wasifu huu na ndiye anayeusoma, amewatazama mkishuka akajiuliza kama yeye akifa watu watajaza hata hema moja. Anaanza na jambo hilo kwa sababu marehemu alimtaka aandike ukweli. Ukweli wenyewe ni kwamba Koinet alimwonea dada yake wivu tangu wakiwa wadogo, na hata leo, dada akiwa amelala kwenye jeneza hili lenye maua mengi, wivu haujaisha wote.

Soipan alizaliwa tarehe 14 Aprili 1973 katika boma la Mzee Metito, kilomita chache nje ya mji wa Kajiado. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Koinet alikuwa amemtangulia kwa miaka minne, na kwa miaka hiyo mama yao aliitwa Ng'oto Koinet, yaani mama yake Koinet, kama ilivyo kawaida kwetu mzazi kuitwa kwa mtoto wa kwanza. Lakini Soipan alipoajiriwa na jina lake likaanza kujulikana mjini, majirani walianza kumwita mama Ng'oto Soipan. Mama akawa anaitikia bila kusita. Siku moja Koinet alimuuliza mbona anaitikia jina lisilo lake. Mama akamjibu, "Si nyinyi wote ni wangu?" Jibu hilo halikumridhisha wakati ule na halijamridhisha mpaka leo.

Mwezi wa Januari 1981 chifu alipita akiagiza kila boma litoe mtoto mmoja wa kwenda shule. Siku hizo huku kwetu shule ilionekana kama mahali pa kupoteza mtoto. Mzazi hakutoa mtoto aliyekuwa tegemeo lake. Alitoa yule ambaye boma lingeweza kuendelea bila yeye. Mzee Metito alimtazama Koinet, aliyemjua kila ng'ombe kwa rangi na kwa mlio wake, akasema huyu hatoki hapa. Kisha akamtazama Soipan, ambaye wiki hiyo alikuwa amepoteza ndama wawili kwa sababu ya kucheza na udongo, akamwambia chifu, "Mchukue huyu." Koinet alifurahi kupita kiasi. Alimsindikiza dada yake mpaka njia panda akimcheka, na Soipan akaenda huku analia, kamasi zikimtoka. Imepita miaka arobaini na minne tangu siku hiyo. Koinet alichaguliwa kubaki kwa kuwa yeye ndiye bora, na mpaka leo hajui amlaumu nani.

Soipan alimaliza shule ya msingi mwaka 1988 na ya upili mwaka 1992, kisha akaenda Nairobi kusomea ujenzi hadi mwaka 1996. Kila likizo alirudi nyumbani, na pale kwenye birika la kunyweshea ng'ombe alimfundisha kaka yake kusoma na kuandika. Alikuwa mwalimu mkali. Ukikosea mstari mmoja anafuta ukurasa mzima, na hajali kwamba wewe umemzidi umri na una rungu mkononi. Koinet aliiga mwandiko wake herufi kwa herufi, maana hakuwa na mwingine wa kuiga. Mwishowe Mzee Metito, ambaye hakujua kusoma lakini alikuwa na macho makali, alisema karatasi zao zinafanana kama miguu ya mbuzi mmoja.

Mwaka 1997 aliajiriwa na baraza la mji kama karani wa nyumba, na serikali ya kaunti ilipoanza mwaka 2013 akapewa kazi ya kusimamia nyumba za kupanga za bei nafuu, zile za kaunti na zile za watu binafsi, kuanzia Kajiado na Kitengela mpaka Nkoroi. Orodha ya waliokuwa wakingojea nyumba za kaunti aliibandika kwenye ubao nje ya ofisi, kila mtu aone nani anafuata na alijiandikisha lini. Naye akikagua ploti ya vyumba vya kupanga alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: anaingia na mpangaji peke yake, na mwenye ploti anabaki getini. Alisema mpangaji hawezi kutaja ubovu wa nyumba huku mwenye nyumba amesimama nyuma yake akimkoholea. Wenye ploti walimchukia kwa hilo. Wapangaji nao wakampenda kupita mipaka, na kwa maoni ya Koinet walizidisha.

Tarehe 12 Desemba 1998 aliolewa kanisani na Bwana Wakhungu, mwalimu wa hesabu kutoka Bungoma aliyekuwa akipanga chumba Kitengela. Mzee Metito, ambaye kwenye harusi ya Koinet alikaa kwenye kiti chake akilalamika kuhusu goti, siku hiyo aliruka na vijana mpaka shuka likamwanguka. Goti lilikuwa lile lile. Mungu aliwajalia wenye harusi watoto wawili, Resian na Hillary. Kila Jumapili baada ya ibada meza yao ilikuwa na mgeni mmoja asiyekosa, Bwana Omolo, afisa mwenzake Soipan kazini. Watoto walimwita Anko, na yeye ndiye aliyewafundisha wote wawili kuendesha baiskeli.

Sasa Koinet anafika mahali ambapo angependa kuparuka asipasome. Mwaka 2016 aliuza sehemu ya ardhi yake kwa wachimba mawe, akajenga vyumba kumi na nane vya kupanga huko Kitengela, na kisima chake mwenyewe. Alijenga ili na yeye atajwe. Wapangaji walipoingia, jambo la kwanza waliloulizana ni kama kweli huyu ndiye ndugu yake Madam, maana ndivyo walivyomwita Soipan. Machi 2019 Madam mwenyewe akaja kukagua, yeye na Omolo aliyebeba tepu ya kupimia. Koinet alikuwa amechinja mbuzi.

"Takwenya, Soipan," akamsalimia.

"Iko, Koinet."

"Ingieni. Nyama iko kwa moto."

"Nyama nitakula kwa Mama. Hapa niko kazini. Mwenye ploti anabaki kwa gate."

"Kwa gate yangu mwenyewe?"

"Kila mtu kwa gate yake, Koinet. Ata wewe."

Akabaki. Mwanamume mwenye wake wawili na mvi kichwani alisimama kwenye geti alilolilipia, wapita njia wakimsalimia, huku mdogo wake akizunguka ndani kwa saa nzima. Alimwaga chooni unga wa rangi ya kijani ambao maafisa hutumia kupima mifereji, akaondoka bila kueleza. Siku ya tatu alirudi, akafungua bomba la chumba cha tisa mbele ya mpangaji mmoja aitwaye Gathoni, na maji yakatoka ya kijani. Alimuuliza, "Hii maji nyinyi hunywa?" Gathoni akasema, "Na watoto pia, Madam. Tutakunywa nini ingine?" Watoto wake wawili walikuwa wameharisha tangu Krismasi. Shimo la choo lilikuwa limechimbwa hatua saba tu kutoka kisimani, na aliyechagua mahali hapo ni Koinet, kwa sababu alitaka ua ubaki mkubwa wa kuegesha gari ambalo hakuwa nalo.

Soipan alikifunga kisima siku hiyo hiyo na kumpa kaka yake miezi mitatu ya kuhamisha choo. Koinet hakuhamisha kitu. Alikaa akisubiri dada yake aje amwombe msamaha, miezi ikaisha, vyumba vyote vikafungwa, na wapangaji waliokuwa kwenye ule ubao wakahamia nyumba za kaunti zamu yao ilipofika. Ploti ikakaa tupu miaka miwili. Kila alipopita mjini alisikia watu wakimsifu Madam kwamba hakumhurumia hata ndugu yake. Walimpa sifa hiyo mbele ya ndugu mwenyewe.

Agosti 2021 barua isiyo na jina iliwasili makao makuu ya kaunti. Ilisema Jane Soipan anawagawia watu wa mumewe nyumba na kuwanyima Wamaasai. Alisimamishwa kazi miezi minne. Wapangaji wote waliitwa mmoja mmoja, orodha ya ubaoni ikalinganishwa na funguo zilizotolewa, na hakukupatikana hata nyumba moja iliyoruka zamu. Wakati wa kikao alionyeshwa barua yenyewe. Mjumbe mmoja akamtania kwamba imeandikwa kama kwa mkono wake mwenyewe, na wote wakacheka. Soipan, kwa jinsi Omolo alivyosimulia baadaye, aliitazama muda mrefu na hakucheka.

Kwa kuwa Omolo ndiye aliyekaimu nafasi yake katika miezi hiyo, lawama zilimshukia yeye. Walisema alitaka kiti. Bwana Wakhungu alimwambia asikanyage tena nyumbani kwake, na kiti chake cha Jumapili kikaondolewa mezani. Marehemu alimwambia mumewe mara nyingi kwamba si Omolo. Mumewe akiuliza ni nani basi, alinyamaza. Koinet alikuwepo siku moja mazungumzo hayo yalipofanyika. Aliendelea kula.

Februari mwaka huu Soipan aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa Nairobi, akavumilia kwa ujasiri, na wadi haikukauka wageni. Koinet alipofika tarehe 20 Septemba, saa nane mchana, muuguzi mlangoni alimuuliza, "Na wewe ni mpangaji wake?" Alitamani kurudi nyumbani. Ndani alimkuta dada yake amekonda, lakini macho yalikuwa yale ya pale birikani.

"Koinet, ni nani alikufundisha kuandika?"

"Ni wewe."

"Sasa ulidhani sitajua mkono wako?"

Koinet akauliza, "Mbona hukusema?"

"Mama alikuwa hai. Ningempa hiyo aende nayo kaburini? Alipokufa, nikangoja useme mwenyewe. Miaka miwili nimengoja." Akapumzika kidogo, maana pumzi ilikuwa fupi. "Omolo ndio amelipa. Watoto wangu wanamchukia bure. Na mimi niko na makosa hapo, nilikuficha sana."

"Nitaongea na Wakhungu."

"Wakhungu peke yake haitoshi. Omolo alichafuliwa kwa watu, asafishwe kwa watu. Wasifu wangu uandike wewe. Na usiruke kitu."

Aliaga dunia tarehe 9 Oktoba 2025, alfajiri, mumewe na watoto wakiwa naye. Koinet hakuitwa kwa wakati, na wivu ukamshika tena kwamba wao walimwona na yeye hakumwona.

Kwa hiyo isomeke wazi, na imechapishwa kwenye ukurasa huu ili kila mtu aende nayo nyumbani: barua ile iliandikwa na Koinet, mwana wa Metito. Omolo hakuandika, hakuijua, na hakutaka kiti cha mtu. Koinet aliona lawama zikimwangukia akanyamaza, kwa sababu zilimfaa. Tena kuna la aibu zaidi. Alifurahi kwamba dada yake amebaki na rafiki mmoja pungufu.

Juzi Jumatano Koinet alimpelekea shemeji yake karatasi hizi kabla hazijachapwa. Bwana Wakhungu alizisoma mara mbili, akatoka nje, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Aliporudi aliuliza swali moja tu.

"Wewe umepangiwa kubeba jeneza?"

"Ndiyo. Mbele, upande wa kulia. Mimi ndio kaka yake."

"Hapo atashika Omolo."

Koinet anakiri mbele yenu kwamba hakuna kilichomuuma maishani kama maneno hayo, hata geti halikumuuma hivyo. Alikubali.

Marehemu ameacha mume wake, Bwana Wakhungu. Watoto wake, Resian na Hillary. Mjukuu mmoja, Naliaka, mwenye miezi saba. Wakwe na mashemeji kutoka Bungoma. Wapangaji wa Kajiado, Kitengela na Nkoroi, ambao Koinet amekubali kuwaandika hapa kwa shingo upande. Na kaka mmoja.

Bwana Omolo, umesimama kule nyuma, nje ya hema, kama ulivyozoea miaka hii minne. Njoo mbele, watu watakupisha. Koinet anakuonea wivu hata wewe, kwa sababu unaweza kumlilia Soipan bila kuficha kitu. Resian na Hillary wanakungoja kando ya jeneza, na ile nafasi ya mbele, upande wa kulia, iko wazi.

Mungu ampe Soipan utulivu ambao kaka yake alimnyima.