Zadok Owuor, Aliyempa Laili Sauti

Bwana Zadok Owuor anaondoka kazini tarehe 31 Disemba 1947, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kusimama kando ya kitambaa cheupe katika jumba la sinema la Bwana Sadrudin, hapa Mwanza, akiwaeleza watu picha zinasema nini. Mimi ni Nkwabi, mwendesha mashine. Nimeombwa niandike habari zake kwa kuwa nimemsikiliza kuliko mkewe, na Mama Akelo mwenyewe habishi.

Zadok alishuka melini mwaka 1924 akitoka Shirati, akitaka ukarani wa bandarini. Walimkataa kwa mwandiko wake, na aliyewahi kuuona hatawalaumu. Lakini Bwana Sadrudin, aliyekuwa pale akipokea mizigo, alimsikia akibishana na wapagazi kwa sauti nzito iliyofika mpaka ng'ambo ya gati, akamwajiri siku ileile. Picha za wakati ule zilikuwa bubu, zenye maandishi ya Kiingereza, na wavuvi wa Kirumba na wakulima wa pamba wa Buhongwa wangeyasoma wapi? Zadok aliyasoma, akayatia Kiswahili, na pale maandishi yalipokuwa haba aliongeza ya kwake. Alikuwa akiongeza sana.

Mwigizaji aliyetujazia mabenchi alikuwa Mmarekani, Lyle Brannock, ambaye mji mzima ulimwita Laili. Tulisoma katika gazeti moja la picha kwamba alianza kwa kulisha farasi wa waigizaji wenzake, hata siku moja akapandishwa juu ya farasi badala ya mtu aliyeumwa, na hakushuka tena. Alicheza picha zaidi ya arobaini. Kila alipofungua mdomo huko kwao, aliyesikika hapa ni Zadok.

Sasa nieleze habari ya msiba, maana wako wanaodai ni uzushi. Mwaka 1927 ilifika picha ambayo Laili anazama mtoni akimwokoa mtoto wa adui yake. Zadok aliieleza vizuri kupita kiasi. Watu walitoka wakilia, na kesho yake wakaanza kuingia nyumbani kwake na unga, samaki wakavu na vibuyu vya maziwa, kwa sababu kama Laili alikuwa na ndugu Mwanza, ndugu huyo ni nani kama si Zadok? Alikaa matanga siku tatu. Angefanyaje? Samaki walikwisha letwa.

Mwezi uliofuata ikaja picha nyingine, na huyo hapo Laili, mzima, juu ya farasi. Sisi tulikuwa kituo cha mwisho cha mikanda ile, na ilitufikia bila utaratibu, ya zamani nyuma ya mpya. Bi Kashindye, muuza samaki wa Kirumba ambaye hadi leo hamwogopi mtu, alisimama akataka kujua yeye alimlilia nani. Zadok akamwamkia kwanza, shikamoo mama, kisha akamwambia kwa upole kwamba haya anayoyaona yalitokea kabla ya msiba. Bi Kashindye akaitikia marahaba, akafikiri, akaketi. Tangu siku hiyo kila picha ya Laili ilifunguliwa kwa maneno hayo, kwamba habari hii ni ya kabla ya msiba, na watu waliitazama kwa upendo zaidi.

Mwaka 1934 nusura tumpoteze Zadok. Bwana Sadrudin alileta mashine ya picha zinazosema. Alimwita Zadok na kumwambia, huku akitazama sakafu, kwamba kazi yake inaishia mwisho wa mwezi. Zadok alishukuru kwa adabu. Akaja kukaa nami chumba cha mashine, akaniuliza kama bandarini bado wanachagua watu kwa mwandiko. Nilicheka, na mpaka leo najuta, kwa kuwa yeye hakuwa akitania. Alikuwa na watoto watano na kazi moja tu aliyoijua.

Picha ya kwanza ya kusema ilikuwa ya Laili. Jumba lilijaa hadi mlangoni. Laili akafungua mdomo, na ikatoka sauti nyembamba, ya kukwaruza kidogo, kwa Kiingereza. Hakuna aliyecheka. Walikasirika. Bi Kashindye alisema wazi kwamba Laili amekwisha msikia miaka kumi, anaijua sauti yake kama ya mwanawe, na huyu ni nani aliyevaa kofia ya marehemu? Wakamwita Zadok. Naye alikuwa amekaa benchi la nyuma, maana siku hiyo hakupangiwa kazi.

Nilipoulizwa baadaye, nilisema mashine iliharibika. Leo naungama: haikuharibika. Niliishusha sauti kwa mkono wangu huu. Zadok akapita katikati ya watu, akasimama mahali pake, akasema habari hii ni ya kabla ya msiba. Bwana Sadrudin alitazama jumba lilivyotulia, na hakutaja tena mwisho wa mwezi.

Mwaka jana alipita hapa mmisionari Mmarekani, akatuambia tusilolijua. Laili alikuwa amekosa kazi tangu picha zilipoanza kusema. Kwao walimcheka kwa ile sauti, picha mbili tatu, basi, akasahauliwa. Sasa anatunza miche katika shamba la machungwa. Siku ya tatu Zadok alimwomba Bi Zeenat, binti wa Bwana Sadrudin, amwandikie barua. Alimwambia Laili kwamba hapa Mwanza hajapata kuacha kazi, kila mwezi yuko juu ya farasi, na akamtaka radhi kwa kumpa sauti bila kumwuliza. Mmisionari akaichukua.

Jibu lilifika Septemba mwaka huu. Laili aliandika kwamba ameisoma barua mara tatu, na kwamba amechekwa mpaka na watoto wa jirani, kwa hiyo ana swali moja tu. Je, huko kwenu walicheka nilipozungumza? Zadok safari hii alikataa kuandikiwa. Alishika kalamu mwenyewe, kwa mwandiko wake uleule: Hapana, ndugu yangu. Hapa ulipozungumza, watu walinyamaza wakusikilize.

Kuanzia Januari picha zetu zitaelezwa na Bwana Chenge, kijana hodari. Lakini za Laili amezikataa, na sisi sote tumekubaliana naye. Jumamosi hii saa kumi Zadok ataieleza moja ya mwisho, kisha mikanda ile tutaifunga sandukuni. Kwa hiyo wanaostaafu ni wawili.

Bwana Zadok, ahsante kwa miaka yote hii. Nenda Shirati ukapumzike, na Mama Akelo akusikilize sasa kwa zamu yake. Nawe Bwana Laili, huko uliko na miche yako, umetufanyia kazi njema. Wafanyakazi wote wa jumba hili tunawatakieni nyote wawili maisha mema.