Mama Tulia Akabidhi Funguo za Chumba cha MRI

Ngo-ngo-ngo. Vidole vikigonga meza ya mbao. Ndiyo sauti niliyopokewa nayo siku ya kwanza kazini, na mpaka leo hainitoki. Aliyekuwa akigonga ni mpiga picha wetu mkuu wa MRI, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi.

Alianzia kwenye eksirei za mifupa, akahamia MRI, mashine ya sumaku yenye kelele inayopiga picha za ndani ya mwili, kisha akapewa utafiti ambao wengi waliukwepa: kuchunguza ubongo wa vijana ambao mzazi au ndugu yao ana skizofrenia, ugonjwa wa akili alio nao kaka yangu pia. Vijana walikuja wakitetemeka, na anayetetemeka hutoa picha yenye ukungu. Picha nyingi za mwanzo zilitupwa. Utafiti nusura ufungwe.

Yeye akaja na dawa yake. Kabla ya kumwingiza mtu kwenye mashine, alimgongea mezani kelele zote za mashine hiyo, kwa vidole na kwa mdomo, mpaka kijana acheke mwenyewe. Kisha kwenye kipaza sauti: tulia, mwanangu. Jina la Mama Tulia likamganda. Picha zikatoka safi. Daktari kiongozi alipojaribu kumwiga, aliambiwa anagonga kama polisi, atatukimbizia watu.

Neno “wagonjwa” alilipiga marufuku chumbani mwake. Hawa ni wageni. Kila mgeni akitoka huuliza ameonekana na nini. Kanuni haimruhusu kutoa majibu, basi humjibu kwamba ubongo ameuona, upo, na kwamba kuna wakubwa humu ambao wa kwao bado unatafutwa.

Mwaka huu matokeo yametoka. Kwa wastani, sehemu chache za ubongo wa vijana hao zilikuwa nyembamba kidogo kuliko za wenzao wasio na mgonjwa katika familia. Lakini wengi wao, miaka mingi baadaye, ni wazima: wanafundisha, wanashona, wanalea. Tofauti ile haikuwa hukumu. Mama Tulia aliposikia alicheza korido nzima, mkoba begani.

Mama, asante. Nenda ukawagongee meza wajukuu. Afya na raha zisikupungukie.

Kwa miaka minne nimepima picha za wengine huku kitanda cha mashine ile nikikipitia mbali. Jumatatu nilijiandikisha kupigwa picha, nikalala. Aligonga meza, nikacheka. Picha ya mwisho aliyopiga kabla ya kukabidhi funguo ni yangu, na haina ukungu.