Nukta ya Kijani ya Mama Kidega

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bi Lanyero Aber anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika maabara yetu ya Ntinda. Wengi tunamwita Mama Kidega, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Wasifu huu nimepewa mimi, Daktari Fahim, niuandike, na nakiri mapema kwamba kichwa kinanizunguka.

Kazi yake ilikuwa kukata nyama za mwili zilizotolewa kutoka kwa wagonjwa, vipande vyembamba ajabu, na kuvibandika kwenye vioo ili mimi nivisome kwa hadubini. Kusoma haikuwa kazi yake. Alivisoma hata hivyo.

Mwaka juzi ililetwa tezi ya shingo ya Sitti, muuza vitambaa. Uvimbe ulijaa seli za kinga, zile tunazoziita askari wa mwili. Nikafurahi: mwili unajitetea! Nikaandika kwamba uvimbe ni mpole. Kesho yake kioo kikarudi mezani kwangu kina nukta ya wino wa kijani, alama ya Mama Kidega ya kusema: tazama tena. Nikakirudisha. Kikarudi na nukta mbili. Jamani!

Mama Kidega alikulia kambi ya polisi Naguru, baba yake akiwa sajini. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto, kwamba penye malori mengi ya askari ujue hakuna amani. Tena wengine, akasema, hutoka wamebeba kuku wa mwenye nyumba.

Nilikasirika, kisha nikaogopa. Nikamwomba akate vipande zaidi. Katika cha kumi na moja tukaiona saratani: imeshatoboa ganda la tezi na kuingia mshipani. Sitti alipasuliwa tena mapema, na sambusa mnazokula leo amezileta yeye.

Tangu hapo nimesoma sana, na ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa. Askari wengine wanapigana na saratani, wengine wanailisha, na mimi naona wote wamevaa sare moja. Yeye anawatofautishaje? Anasema anawatazama tu.

Asante, Mama Kidega, kwa miaka yote na kwa ubishi wako. Chupa ya wino umeniachia. Jana kiliingia kioo cha binti wa miaka ishirini na miwili, askari wamejaa tele. Nimeweka nukta, nimeifuta, nimeiweka tena. Nenda salama, upumzike, ufuge kuku wako. Ila kabla ya keki, tafadhali, pita mezani kwangu.