Zawadi Aliyoikataa Bi. Kervadec

Tarehe mosi Desemba, Bi. Soizic Kervadec anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika maktaba ya shule yetu ya Pors-Gwenn. Walioazima vitabu bila kurudisha wasishangilie mapema: anayempokea keshatajiwa majina yao.

Alizaliwa hapa hapa bandarini. Likizo za ujana wake zilimwishia kiwandani akipanga dagaa kwenye makopo, na anasema huko ndiko alikojifunza kupanga rafu. Wakongwe wanakumbuka majira yale ya baridi paa lilipovuja juu ya atlasi. Alikwenda darasa la ususi akaazima mashine zote za kukaushia nywele, na siku nzima wasusi wetu wakakausha Afrika, Asia na bahari zote. Atlasi hizo zinasomeka mpaka leo.

Lakini kilichomtangaza hadi mjini Rennes ni ile tuzo ya riwaya ambayo majaji wake ni wanafunzi wa sekondari. Vuli likifika, darasa lililochaguliwa hupewa riwaya kumi na tano na miezi miwili ya kuzisoma, kisha hupiga kura na kumtuma mjumbe Rennes akatetee uamuzi wao mbele ya wajumbe wa shule nyingine. Walimu tunatakiwa tukae kando. Wengi wetu tunajua kukaa kando huku nyusi zikipiga kampeni. Yeye hata nyusi hakuzitumia. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kujua alipenda kitabu gani, ingawa walijaribu kila hila, hadi kumletea keki za siagi. Keki alikula, siri akabaki nayo.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya darasa la umeme, vijana waliozoea nyaya kuliko aya. Walisoma wakilalamika, lakini walisoma. Kisha siku moja, kwenye foleni ya kantini, nikawasikia wakipanga njama. Titouan Guéguen, mkubwa wa mwili na mpole wa moyo, alikuwa akiwaambia wenzake, "Jamani, Madam anaondoka. Tukipigie kura kitabu anachokipenda, iwe zawadi yake basi. Si kile cha mjane wa mnara wa taa? Nimemwona anakirudia mara ya pili."

Loeiza, mjumbe wao, akamjibu, "Mimi kile kilinilaza usingizi, lakini poa. Kwa ajili ya Madam nitakitetea hukohuko Rennes."

Nilimpelekea habari nikidhani atafurahi. Alikaa kitini, rangi ikamtoka. "Hervé, ndugu yangu," aliniambia, "wakinipa zawadi hiyo, kazi yangu yote imekwenda na maji. Nimenyamaza miaka yote hii ili waseme wao."

Siku ya kura ikafika. Desturi ya Bi. Kervadec ni kwamba kila kitabu kipate mshtaki kabla ya kupata mtetezi. Zamu ya kitabu cha mnara ilipofika, darasa zima lilimtazama yeye, na hakuna aliyefungua mdomo. Akasimama. "Nasikia mnataka kuniaga kwa kura," alisema. "Nikitaka maua, sokoni yapo. Mkinitazama usoni hamtasema kweli, kwa hiyo natoka." Akatoka, nami nikamfuata.

Tulisimama karibu na mashine ya kahawa. Pale tuliweza kusikia ya ndani. Mwanamke huyu aliyekuwa akiwakabili wakaguzi bila kupepesa jicho alikuwa akikoroga kahawa asiyoitia sukari, na mimi niliogopa pamoja naye. Kisha tukasikia sauti ya Titouan: "Haya, acha niseme mimi. Hiki kitabu kinazunguka weee, sura nzima mtu anapanda ngazi tu." Mwingine akamwambia hajui kusoma. Kiti kikaanguka, zogo likaanza. Mkutubi wetu, aliyewanyamazisha watoto maisha yake yote, aliegemea ukuta, akafumba macho na kushusha pumzi ndefu. Sijawahi kumwona mtu akifurahia fujo namna ile.

Kitabu cha mnara kilipata kura mbili. Loeiza alikwenda Rennes na chaguo jingine, wenzake na sisi wawili tukimsindikiza, akalitetea kwa ukali, likashindwa, akatoka amenuna lakini kichwa juu.

Ndani ya treni ya kurudi, vijana wakiwa wamelala, nilimuuliza Bi. Kervadec kama sasa anaweza kusema. Akaniambia kwamba hawakukosea: kile cha mnara ndicho alichokipenda kuliko vyote tangu tuzo hii iingie shuleni kwetu. Alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka. "Umesikia walivyokichanachana?" alisema. "Sasa naweza kwenda nyumbani."

Ameniruhusu niyaandike haya kwa kuwa hana tena kura ya kuharibu. Titouan, usijifiche, hakuna aliyemuaga vizuri kuliko wewe.

Ahsante sana, Soizic. Tunakutakia ustaafu wenye siha na utulivu, na vitabu vingi utakavyovisifu kwa sauti, mbele ya yeyote umtakaye.

Hervé Tanguy, mwalimu wa Kifaransa